Usivute Tena

Kijiwe cha Mafiga kinachoitwa Shifti ya Pili hakikupewa jina hilo na serikali ya mtaa. Walijipa wenyewe, watu wazima waliofanya kazi kiwanda cha magunia mpaka kilipobinafsishwa, wakapewa mkono wa kwaheri, wakabaki hawana pa kwenda saa nane mchana, saa ambayo king'ora cha shifti ya pili kilikuwa kikilia mji mzima ukasikia. Basi saa nane hiyo hiyo wanakuja hapa. Benchi lao ni ubao wa kreti iliyoletea mashine enzi zile, na ukiinama utaona bado umeandikwa maneno ya kizungu ya kuonya kitu kisidondoshwe. Mohamedi muuza kahawa anaweka jiko lake upande wa mlimani, na moshi wa mkaa unakwenda unakotaka. Siku yenyewe ilikuwa siku ya pili tangu wamzike Laurenti kwao Matombo, na ile nafasi yake mwisho wa benchi, karibu na ukuta, hakuna aliyeikalia ingawa walikuwa wamebanana.

Castory, ambaye hapo anaitwa Kasto, alikuwa jirani na ile nafasi tupu. Kahawa yake ilikuwa imepoa mkononi. Si kwamba ilikuwa mbaya, Mohamedi hajawahi kupika kahawa mbaya, ila kifua kilikuwa kimembana tangu alfajiri, na mtu aliyebanwa kifua hawezi kumeza na kuhema kwa pamoja, lazima achague moja. Kasto alichagua kuhema. Wenzake walidhani ni majonzi, akawaacha wadhani hivyo.

– Tusidanganyane, alisema Soko Huria. Laurenti kauawa na ile pampu.

Soko Huria ni Idrisa, Mnyamwezi wa Tabora, zamani dereva wa kiwandani, siku hizi anauza suruali za mitumba na kila akipandisha bei anasema ni soko huria.

– Pampu ipi? aliuliza Mohamedi, akipuliza mkaa.

– Ile ya bluu aliyopewa hospitali. Ile ya psss. Nilimwambia toka siku ya kwanza, Laurenti, pafu nalo lina uvivu wake. Ukilisaidia kuvuta leo, kesho linakungoja ulisaidie tena. Kesho kutwa halinyanyuki kabisa. Si ndivyo ilivyokuwa?

– Hapo umesema nusu tu, alidakia Bunge.

Bunge jina lake la kubatizwa ni Ernest. Alikuwa karani wa stoo kiwandani, na tangu magazeti ya watu binafsi yaanze kuota kama uyoga yeye anayasoma yote, ya kwake na ya kuazima, kisha anakuja kijiweni kuyasoma upya kwa mdomo. Sigara haimtoki. Hata akiongea inabaki pembeni ya midomo, inapanda na kushuka pamoja na hoja.

– Nusu ya pili ni ipi?

– Nusu ya pili ni mlango. Zamani dawa ilikuwa na mlango mmoja wa kuingilia nchi hii. Leo milango iko wazi, kila mwenye kontena anaingiza. Sasa dawa iliyokwisha muda wake Ulaya wanaitupa wapi? Wao si wajinga wa kuchafua kwao. Wanaibandika karatasi mpya, inakuja kwa Laurenti.

– Kwa hiyo ni mtumba.

– Ni mtumba wa pumzi.

– Bwana, mitumba usiiguse, alisema Soko Huria. Mitumba ni mizuri. Hiyo suruali uliyovaa nimekuuzia mimi.

Wakacheka kidogo, kicheko cha watu waliotoka msibani, kile kinachokatika kabla hakijafika. Kasto hakucheka. Kicheko siku hizi alikuwa anakiogopa, kwa sababu kikishaanza kinageuka kikohozi na kikohozi hakina adabu, kinakuanika mbele za watu.

Ndani ya mfuko wa koti lake, imefungwa kwenye leso, ilikuwamo pampu ya bluu kama ile ya Laurenti. Walipewa wiki moja, hospitali moja, na nesi yule yule mnene mwenye huruma aliyewaonyesha: unatikisa, unatoa pumzi yote nje, unaweka mdomoni, unabonyeza huku unavuta taratibu, unaibana ndani. Mara mbili asubuhi, mara mbili jioni, na ukizidiwa. Laurenti hakuona haya. Alikuwa akivuta hapa hapa kijiweni, kikombe mkono mmoja na pampu mkono wa pili. Kasto alikuwa anazunguka nyuma ya duka la jirani, huko kwenye mapipa, anavuta akiwa amegeukia ukuta kama mwanafunzi aliyejificha. Kwa sababu Shifti ya Pili walikuwa na hukumu yao, na hukumu yenyewe ni kwamba pampu ni ya mwisho, ukishaishika umeshaagwa. Watu wanaanza kukupisha njia. Wanakuambia kaa mzee, kaa, hata kama umri mmoja. Kasto alikuwa hajawa tayari kuagwa.

Laurenti peke yake ndiye aliyejua, na Laurenti alikuwa amekwenda na siri.

– Mnazunguka tu, alisema Soko Huria. Mimi nitawaambia kilichomo mle. Kopo la dawa ya mende mmeliona? Bati lile lile. Bomba lile lile. Na sauti je? Psss. Mende anapulizwa psss, anageuka chali. Sasa mtu unajipulizia mwenyewe, tena mdomoni, tena umelipa.

– Mende hana mapafu, alisema Mohamedi.

– Umemchana ukaangalia?

– Mimi nauza kahawa.

– Basi uza kahawa.

Bunge alitoa sigara mdomoni, na Bunge akitoa sigara mdomoni watu hunyamaza, maana ndiyo dalili kwamba hoja kubwa inakuja.

– Sasa nisikilizeni. Hili sijalisoma gazetini, hili nimelikokotoa kwa kichwa changu. Nitajieni watu wote wa kiwanda chetu waliopewa pampu. Laurenti alikuwa wapi?

– Chumba cha kuchana nyuzi.

– Yule Mpogoro aliyefia Ifakara?

– Kuchana nyuzi.

– Mama Mwaisha?

– Huko huko, kuchana.

– Mmeona? Nitajieni mtu mmoja wa ofisini mwenye pampu. Mmoja tu. Nitajieni wa stoo, mimi hapa nimekaa stoo miaka yote, ninayo? Sasa jiulizeni, kwa nini ni chumba kimoja tu?

Kasto alikijua chumba hicho. Alifanya kazi humo tangu ndevu hazijaota vizuri. Vumbi la nyuzi lilikuwa linaelea mle mpaka taa zinaonekana za njano mchana, linaingia puani, linaingia kwenye ugali, na ukitoka shifti unatema kitu cha kahawia unasema kesho kitakwisha. Jibu la swali lake Bunge alikuwa nalo mbele yake kabisa, amelishika kwa mkono. Alichokosa ni kulitazama.

– Kwa nini? aliuliza Soko Huria.

– Kwa sababu chumba cha kuchana ndicho kilichokuwa kingali kinadai mafao. Walionunua kiwanda hawataki kulipa. Sasa wewe tajiri utafanyaje? Utawapiga risasi? Unawapa pampu. Unawapa bure, tena kwa huruma, tena na nesi wa kuwaelekeza. Mmoja mmoja wanadondoka, na dai linakwenda nao kaburini.

Soko Huria alitikisa kichwa polepole kama mtu aliyeonyeshwa kitu cha kutisha.

– Dunia imeharibika, alisema.

– Kasto, wewe mbona bubu leo? aliuliza Bunge. Wewe ulikuwa chumba hicho hicho.

– Nawasikia, alisema Kasto.

Moshi wa jiko ulikuwa umegeuka upande wake. Mohamedi aliona, akalisogeza jiko kwa mguu bila kusema lolote, na Kasto akamshukuru kimoyomoyo.

Juzi kule Matombo nusura waumbuke, yeye na kifua chake. Kaburi lilichimbwa juu mteremkoni, katikati ya migomba, na Kasto alipangwa kubeba jeneza. Alisema kiatu kimekatika, akampisha mwingine. Akawafuata nyuma, hatua tatu anasimama, hatua tatu anasimama, mpaka akakaa kwenye jiwe akishika mgomba, anasikia wimbo wa kanisa unapanda juu bila yeye. Alipofika, kaburi lilishafukiwa. Rafiki yake wa maisha yote hakumtupia hata konzi moja ya mchanga. Waliomuuliza aliwaambia alikwenda kujisaidia.

Na alifika akamkuta Soko Huria anafanya kazi yake ya utani. Maana Mnyamwezi na Mluguru kama Laurenti ni watani, na mtani hana ruhusa ya kulia msibani, kazi yake ni kuwachekesha wafiwa. Soko Huria alisimama juu ya ule udongo mbichi akaweka kifuniko cha soda mdomoni, psss, akatumbua macho, akayumba, akasema kwa sauti ya Laurenti kwamba kaburi hili lina hewa nzuri kuliko Mafiga. Hata Angelina, mjane, alicheka huku machozi yanamtoka. Kasto alijisikia vibaya, akaomba apewe maji.

– Lakini jamani tusimsahau daktari, alisema Soko Huria sasa. Yupo daktari mmoja aliyekuwa na roho nzuri. Yule aliyemkataza.

– Yule ni mzalendo, alisema Bunge. Yule alijua. Tena yeye ni mgeni pale, hata hajapewa ofisi.

– Mnakumbuka Laurenti alivyokuja hapa siku ile?

Walikumbuka. Laurenti alitoka hospitali kucheki kifua, akaja moja kwa moja kijiweni akicheka, anasema amefunguliwa. Akawaigizia mazungumzo yote, na kwa kuwa yalikuwa mazuri wakamwambia arudie. Sasa Bunge na Soko Huria wakayarudia wenyewe, Bunge akiwa daktari, Soko Huria akiwa Laurenti.

– Mzee, unavuta? aliuliza Bunge kwa sauti ya pua.

– Navuta, daktari, alijibu Soko Huria, mikono magotini.

– Kila siku?

– Kila siku, sikosi.

– Mara ngapi?

– Mara nne. Asubuhi mbili, jioni mbili.

– Na kifua hiki?

– Daktari, nikivuta ndiyo napata nafuu.

– Wote mnasema hivyo hivyo. Mzee, hicho unachovuta ndicho kinachokumaliza. Kuanzia leo usivute tena. Umenisikia? Usivute tena.

– Ndiyo, daktari. Asante, daktari.

Wakapigana viganja. Kasto aliitazama kahawa iliyopoa kikombeni mwake. Siku ile alicheka pamoja nao. Tena alifanya zaidi ya kucheka, alikwenda nyumbani akaifunga pampu yake kwenye leso na hajaifungua tena mpaka leo. Kama Laurenti aliyekuwa hoi kuliko yeye amekatazwa na daktari mwenye shahada, yeye nani wa kuendelea? Siku za kwanza alijiona shujaa. Baadaye akaanza kulala ameegemea ukuta. Baadaye akaacha kulala. Mkewe, Pili, akimuuliza anasema ni mbu. Na juzi pale kwenye jiwe, wakati wimbo unaisha, mkono wake ulikuwa mfukoni umeishika leso, akajizuia, akajiambia daktari amekataza.

Maneno yale leo hayakumwingia kama siku ile. Palikuwa na kitu kinamkwaruza, hakukijua.

– Aliacha amechelewa tu, alisema Bunge, akirudisha sigara mahali pake. Sumu ilishamwingia.

Ndipo alipotokea Jesca, binti mkubwa wa Laurenti, mwalimu wa shule ya msingi Kingolwira. Alikuwa amejifunga kanga kiunoni na nyingine kichwani, viatu vina udongo mwekundu wa kwao. Wakasimama nusu, kama watu wanavyosimama mbele ya mfiwa.

– Shikamooni, baba zangu.

– Marahaba, mwanetu. Pole sana.

– Nimeshapoa. Mama amenituma niwashukuru. Amesema mlimbeba baba vizuri, hamkumyumbisha.

Kasto aliinamisha kichwa. Jesca hakuona, alikuwa anatafuta kitu kwenye mkoba wake. Akatoa pampu ya bluu, imefifia maandishi kwa kushikwashikwa.

– Hii nimeikuta kwenye koti lake.

– Itupe chooni, alisema Bunge haraka. Hiyo ndiyo iliyomuua baba yako. Tumelizungumza hapa, tumelifikisha mwisho.

Jesca aliisogeza sikioni akaitikisa. Kikasikika kimiminiko ndani, kinagonga huku na huku.

– Mbona imejaa? alisema. Inamuuaje mtu na yenyewe imejaa?

– Alikuwa ameshaacha. Daktari alimkataza kuvuta.

– Hata mimi aliniambia hivyo. Nilikwenda kumtazama, anahema mlango wa pili wanasikia. Nikasema baba, tumia dawa yako. Akasema daktari amenikataza kuvuta. Nikamuuliza, kuvuta nini? Akasema, kuvuta, mwanangu, kwani hujui kuvuta? Nikaona nitamvunjia heshima nikimuuliza mara ya pili.

Akawatazama mmoja mmoja, bila hasira, kama anavyotazama darasa.

– Baba aliacha sigara mimi nasoma darasa la tatu. Nyumbani hakuna hata kiberiti cha mfukoni. Ninyi mlikuwa mnashinda naye, ndiyo maana nawauliza. Daktari alimkataza kuvuta nini?

Bunge alifungua mdomo. Majivu ya sigara yakamdondokea kwenye suruali, hakuyapangusa. Mohamedi aliacha kupuliza mkaa.

– Mara nne, alisema Soko Huria. Safari hii hakuiga sauti ya mtu, ilikuwa sauti yake mwenyewe na ilikuwa ndogo. Asubuhi mbili, jioni mbili. Alikuwa anasema pampu.

– Na daktari? aliuliza Mohamedi.

– Daktari alikuwa anasema sigara, alisema Kasto.

Maneno hayo manne yalimmaliza pumzi. Alitaka kuongeza kwamba yeye pia alikuwapo, kwamba wote walikuwapo, kwamba walimwambia arudie kwa kuwa ilikuwa inachekesha, na katika watu wote wale hapakuwa na mmoja wa kuuliza swali la huyu mtoto. Hakikutoka kitu. Hewa iliingia kidogo kama uzi kwenye tundu la sindano, ikakwama, na kifua kikaanza kupiga ule mluzi alioujua kwa Laurenti. Kikombe kikamponyoka. Akashika ukingo wa benchi kwa mikono yote miwili, mabega yamepanda masikioni.

– Kasto, una nini? Kasto.

– Mpepeeni.

– Mpeni maji.

– Maji ya nini, ondoeni jiko.

Wakasimama wote, na wakawa hawajui la kufanya na kusimama kwao. Jesca alikwishapiga magoti kwenye vumbi mbele yake. Mluzi ule aliusikia kwa baba yake mpaka ukanyamaza, hakuhitaji kuelezwa.

– Baba mdogo, alisema. Na wewe unavuta?

Kasto alimtazama. Akisema ndiyo, amesema uongo. Akisema hapana, amesema uongo mwingine. Lile neno lilikuwa limeshamzika mtu mmoja, na yeye hakuwa na pumzi ya kulieleza. Akapeleka mkono mfukoni, akaitoa leso. Fundo lilikuwa limekaza kwa siku nyingi, vidole havilipati. Soko Huria aliinama akalifungua kwa meno.

Pampu ya bluu ikatokea mbele ya Shifti ya Pili nzima. Bunge aliiona, akaitazama tena, akakaa chini taratibu kama mtu aliyeambiwa habari ya nyumbani kwake. Hakuna aliyesema kaa mzee. Hakuna aliyesema psss.

Kasto aliitikisa. Akajaribu kutoa pumzi yote nje, haikuwapo ya kutoa. Akaweka mdomoni, akabonyeza, akavuta. Nusu ya dawa ilitoka puani ikapotea, kikohozi kikamkunja, na machozi yakamtoka mbele ya watu, yale ambayo hakuyatoa Matombo.

Jesca alimshika mkono akaurudisha mdomoni.

– Vuta tena, baba, alisema. Vuta tena.

Kasto akavuta.